Kibali Kimoja, Kazi Mbili: Mwalimu wa Kiingereza Anayevuka Isebania

Mwishoni mwa Julai 2025, Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania wakati huo, Selemani Jafo, alitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15 nchini humo. Kwa walimu wa Migori na Homa Bay wanaofundisha Kiingereza ng'ambo ya mpaka, amri hiyo imezua maswali mengi kuliko majibu. Wapo wanaoamini kwamba haiwahusu kwa kuwa ualimu haumo kwenye orodha. Wapo wanaodhani imewafungia kila kitu, hata kumfundisha mtoto wa jirani jioni kwa ada ndogo. Na wapo wanaotegemea jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakisema raia wa Kenya hawezi kuitwa mgeni pale Sirari, ng'ambo ya mpaka wa Isebania.

Makundi yote matatu yamekosea kwa kiasi fulani, na anayelipia kosa hilo ni mwalimu mwenyewe. Inafaa kwanza tuone ni nini kinachomtoa Rongo au Oyugis akafundishe Tarime, Musoma au Mwanza, na kwa nini akifika huko mshahara mmoja haumtoshi.

Kinachomvusha mwalimu mpaka

Kaunti za Migori na Homa Bay hazina uhaba wa walimu waliosoma. Kuna Chuo Kikuu cha Rongo, Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay, na vyuo vya ualimu vya Migori na Asumbi. Uhaba ni wa ajira ya kudumu. Mhitimu husajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), akapewa nambari, kisha akasubiri. Akiwa anasubiri hufundisha chini ya bodi ya shule, akilipwa kutokana na michango ya wazazi, au huingia uanagenzi. Mwalimu mwanagenzi wa Sekondari Msingi hupewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ni kweli kwamba wanagenzi 46,000 walipewa ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025, baada ya migomo na kesi mahakamani. Lakini mwezi huohuo serikali ilichukua wanagenzi wengine 20,000, na foleni ikaanza upya.

Upande wa Tanzania kivutio ni lugha. Shule za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili, ilhali sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto hubadilishiwa lugha ya masomo karibu yote kwa mkupuo anapoingia kidato cha kwanza. Mzazi mwenye uwezo humwepusha mwanawe na msukosuko huo kwa kumpeleka shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea. Shule hizi zimeongezeka tangu miaka ya 1990, serikali ilipolegeza masharti ya elimu binafsi. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, lililozinduliwa Februari 2025, limekiacha Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Kwa hiyo soko la mwalimu wa Kiingereza halitafungwa karibuni, na Mkenya, aliyefundishwa kwa lugha hiyo tangu madarasa ya chini, analifaa.

Kuna sababu ya tatu, ambayo walio mbali na mpaka huisahau. Mwalimu wa Kehancha akienda Tarime anawakuta Wakurya wenzake. Wa Nyatike akienda Shirati, wilayani Rorya, anaongea Dholuo sokoni bila kubadili kitu. Samaki ni walewale wa ziwa lilelile. Katika mazingira hayo ni rahisi mtu asahau kwamba mbele ya sheria yeye ni mgeni sawasawa na Mhindi au Mwingereza. Makosa mengi katika suala hili yanaanzia hapo.

Tuisheni na omena si jambo moja

Mwalimu huyu anavuka mpaka akiwa na madeni. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) inamngoja, na asipolipa anatozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kuna ada za wadogo zake na dawa za wazazi. Analipwa kwa fedha ya Tanzania huku majukumu yake makubwa yakiwa kwa fedha ya Kenya. Hapo ndipo wazo la kipato cha pili linapozaliwa, na mtu yeyote anayelibeza wazo hilo hajawahi kutuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Tatizo ni kwamba mambo manne tofauti yanaitwa kwa jina moja la "kazi ya pembeni". La kwanza ni kufundisha zaidi: tuisheni ya jioni, au vipindi katika shule ya pili. La pili ni biashara: kuleta omena kutoka Muhuru Bay, kununua mahindi kwa wakulima wa Tarime, kufungua kibanda cha uwakala wa fedha kwa simu, au kuweka mtaji kwenye mashimo ya dhahabu, kazi ambayo watu wa Nyatike wanaijua vizuri kutoka Macalder. La tatu ni kazi ya mtandaoni inayolipwa kutoka nchi nyingine kabisa. La nne ni mali iliyobaki Kenya: viazi vitamu Kabondo, karanga au miwa Ndhiwa, nyumba ya kupangisha Awendo. Sheria inayaangalia mambo haya kwa macho tofauti, na hatari zake hazilingani.

Vibali vinasema nini

Chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, mgeni hafanyi kazi Tanzania bila kibali cha Kamishna wa Kazi. Juu ya hicho anahitaji kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Kibali cha kazi hudumu miezi 24 na kinaweza kuhuishwa. Kinamtaja mwajiri na kazi. Shule inayokiomba inatakiwa kuonyesha kwamba ilimtafuta Mtanzania na kumkosa, na kwamba ina mpango wa kumwandaa mwenyeji achukue nafasi hiyo baadaye.

Kanuni zilizofuata sheria hiyo ziliwaweka walimu wa sayansi na hisabati katika kundi la taaluma zinazohitajika. Mwalimu wa Kiingereza hakutajwa humo. Yeye huingia pamoja na wataalamu wengine, mahali ambapo swali la "Je, hakuna Mtanzania?" huulizwa kwa ukali zaidi. Anayefundisha somo linalovutia wazazi ndiye ambaye kibali chake kina nguzo dhaifu. Mtu mwenye kibali cha namna hiyo hapaswi kumpa mkaguzi sababu ya pili ya kumtilia shaka.

Sasa tuirudie amri ya Julai 2025. Tuisheni haimo. Zilizomo ni biashara ya jumla na rejareja (isipokuwa maduka makubwa ya kisasa), huduma za fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni zisizo za hoteli au utalii, uchimbaji mdogo wa madini, udalali, ununuzi wa mazao shambani, na viwanda vidogo, miongoni mwa nyingine. Ukiisoma ukiwa Migori utaona kwamba imegusa karibu kila biashara ambayo mwalimu wa kanda ya ziwa angeifikiria. Adhabu ya asiye raia ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia anatozwa milioni tano au kufungwa miezi mitatu.

Milioni 10 za Tanzania ni karibu nusu milioni ya Kenya. Kwa posho ya uanagenzi ya 20,000, hiyo ni kazi ya miezi 25. Kibanda cha uwakala kitamchukua mwalimu muda mrefu sana kabla hakijamlipa faida ya kufidia hatari ya kiasi hicho.

Amri kutotaja tuisheni hakumaanishi kwamba tuisheni ni ruhusa. Amri inahusu leseni za biashara; kibali cha kazi ni sheria nyingine, na ndiyo inayomfunga mwalimu kwa mwajiri mmoja. Anayeenda kufundisha shule ya pili Jumamosi amevunja masharti ya kibali hata kama hakuuza kitu chochote.

Wanaosema mwalimu afundishe tu

Wanaotetea ukali huu wa sheria wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Tanzania nayo ina wahitimu wengi wa ualimu wasio na ajira. Kijana wa Musoma anayeona mgeni akiwa na kazi ya shule asubuhi, wanafunzi wa tuisheni jioni na kibanda cha fedha mtaani ana haki ya kuuliza yeye ameachiwa nini. Kibali kilitolewa kwa madai kwamba ujuzi fulani ulikosekana. Hakuna anayeweza kudai kwamba Tarime imekosa watu wa kuuza omena.

Hoja ya pili ni ya darasani, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Mwalimu anayewauzia tuisheni wanafunzi wake mwenyewe ana sababu ya kuacha somo nusunusu mchana ili alimalizie jioni kwa malipo. Si walimu wote watakaofanya hivyo, lakini mzazi hana njia ya kujua. Kenya yenyewe iliona hatari iliyo jirani na hii ilipopiga marufuku tuisheni za likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, yenye faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja.

Tena Wakenya wanaolalamika wakumbuke kwao. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 humtia hatiani mgeni anayefanya kazi bila kibali, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miaka mitatu. Mtanzania anayefundisha Homa Bay bila karatasi hana kinga ambayo Mkenya ameikosa Tarime.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba unamtazama mwalimu peke yake. Shule inayompa mgeni mshahara ambao hauwezi kumtunza, ikamwambia aanze kazi "huku kibali kikishughulikiwa", nayo imo katika kosa. Sheria ya 2015 inamgusa mwajiri pia. Lakini ukaguzi unapofika, shule hubaki na majengo yake na wanafunzi wake. Mwalimu ndiye anayerudishwa mpakani na begi. Mpango ambao faida inakwenda kwa mmoja na hatari kwa mwingine hauna haki, hata ukifuata sheria neno kwa neno.

Wanaosema jioni ni ya mwalimu

Upande wa pili husema mwajiri ananunua saa za kazi, hanunui maisha ya mtu. Mwalimu akimaliza vipindi na kusahihisha madaftari, saa zinazobaki ni zake. Huongeza kwamba mwalimu mwenye kipato cha pili hakai na manung'uniko, hahami shule katikati ya mwaka, na mtoto anafaidika.

Kuna ukweli ndani yake. Kenya imejaa walimu wenye shamba, duka au pikipiki ya boda, na wengi wao hufundisha vizuri. Lakini hoja hii inahesabu vibaya uchovu. Shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza hushindana kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba, na kadiri Septemba inavyokaribia ndivyo vipindi vya alfajiri na jioni vinavyoongezeka. Mwalimu wa Kiingereza hubeba pia mzigo wa kusahihisha insha, kazi ambayo haina njia ya mkato. Anayeongeza tuisheni ya saa mbili juu ya hayo anakopa kutoka kwa darasa la kesho.

Pia hoja hii inasahau kwamba saa ni zake lakini ardhi anayofanyia kazi si ya nchi yake. Haki ya mtu juu ya jioni yake akiwa Migori haivuki naye mpaka yenyewe.

Jumuiya iliahidi nini

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kwenda nchi wanachama, na pia haki ya raia wa nchi moja kujiajiri katika nyingine. Ukiisoma hivyo, mwalimu wa Homa Bay anayefungua kituo cha Kiingereza Mwanza anafanya kile hasa ambacho viongozi waliahidi. Nairobi iliitumia hoja hii kupinga amri ya Julai.

Lakini Itifaki haikufungua milango yote kwa siku moja. Kila nchi iliambatisha majedwali ya kazi na huduma ilizokubali kuzifungua na wakati wa kufanya hivyo, na Tanzania ilikuwa na tahadhari kubwa katika upande wa ajira. Anayetaka kulidai jambo hili anayo Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki huko Arusha, na ningefurahi kuona chama cha walimu kikilipeleka huko. Ila kesi huchukua muda. Ofisa anayesimama mlangoni leo anauliza kibali. Itifaki inampa mwalimu hoja ya kisiasa, haimpi ngao.

Mtandao

Wengi hudhani kompyuta imelimaliza suala hili. Mwalimu amekaa chumbani Musoma, mwanafunzi yuko nchi nyingine, malipo yanaingia akaunti ya Kenya: nani atajua? Swali hilo lenyewe ni dalili mbaya. Kazi hufanyika pale mfanyaji alipo, na sheria ya kodi ya Tanzania humhesabu kuwa mkaazi mtu aliyekaa humo siku 183 au zaidi katika mwaka. Kutoonekana hakuifanyi kazi kuwa halali.

Soko lenyewe nalo halitabiriki. Julai 2021 China ilipiga marufuku tuisheni ya kibiashara katika masomo ya shule, Kiingereza kikiwemo, na ikazuia kuwatumia walimu waliokaa nje ya nchi kufundisha watoto wake mtandaoni. Biashara iliyolisha walimu wa mtandaoni katika nchi nyingi ilikatika ghafla. Na kwa Mkenya kuna kikwazo cha ziada: kampuni nyingi za aina hii huangalia pasipoti kabla ya kusikia matamshi.

Kuna kazi moja ya mtandaoni inayopaswa kusemwa waziwazi, maana imeenea miongoni mwa wahitimu wa Kenya: kuwaandikia insha wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo. Mwaka 2022 Uingereza ilitunga sheria inayofanya kuuza huduma hiyo kwa wanafunzi wa England kuwa kosa la jinai. Hata pasingekuwa na sheria, mwalimu anayemfunza mtoto kuandika kwa maneno yake mwenyewe mchana, kisha usiku akamwandikia mtu mzima kazi ya kudanganyia, ameivunja taaluma yake kwa mikono yake.

Nchi nyingine zimeshughulikiaje

China, inayoajiri walimu wengi wa Kiingereza kutoka nje, imechagua ukali. Sheria yake ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, huhesabu kazi iliyo nje ya mipaka ya kibali kuwa ajira haramu. Faini ni kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likiwa zito kuna kuwekwa kizuizini kwa siku 5 hadi 15. Ukali huo haukuua hamu ya tuisheni. Uliifanya iwe ya siri, na mwalimu anayefanya kazi kwa siri hawezi kushtaki asipolipwa.

Umoja wa Falme za Kiarabu ulikwenda njia nyingine. Desemba 2023 ulianzisha kibali cha mwalimu binafsi. Mwalimu wa shule ya umma au binafsi anaweza kukiomba, hakitozwi ada, hudumu miaka miwili, na mwombaji hutia saini mwongozo wa maadili. Nchi hiyo haina sifa ya kuwadekeza wafanyakazi wageni. Ilichotambua ni kwamba wazazi wataendelea kutafuta tuisheni, basi afadhali mwalimu ajulikane jina na masharti yake.

Mizani

Nikizipima hoja hizi, naona biashara ndiyo iliyo wazi zaidi: mwalimu mgeni aiache. Hatari haina uwiano na faida, na malalamiko ya wenyeji yana msingi. Hasa aachane na ujanja wa kufungua duka kwa jina la rafiki Mtanzania. Rafiki huyo anaingia hatiani pamoja naye. Na siku wakikosana, mwalimu hana karatasi, hana shahidi, wala hawezi kwenda polisi kudai mtaji wa biashara aliyokatazwa kuimiliki.

Tuisheni ni tofauti. Hapa sheria ndiyo inayopaswa kubadilika, kwa njia iliyo karibu na ile ya Falme za Kiarabu: mwalimu mwenye kibali halali aruhusiwe, kwa idhini ya maandishi ya shule yake, kufundisha saa chache kwa wiki, na asimfundishe kwa malipo mwanafunzi yeyote wa darasa lake. Kijana wa Musoma anayetafuta kazi hatapoteza kitu, kwa kuwa yeye hahitaji kibali hicho na anaweza kushindana kwa ubora. Lakini hadi mabadiliko hayo yaje, kufundisha kwa siri ni kuiweka ajira nzima rehani kwa ada ya watoto wachache.

Kipato cha pili chenye usalama zaidi kipo nyumbani. Shamba la Ndhiwa au Kabondo halihitaji kibali cha mtu. Kasoro yake inajulikana: kulima kwa simu huwatajirisha wasimamizi. Hata hivyo mwalimu wa Tarime yuko karibu na shamba lake kuliko mwalimu wa Dubai, na likizo ndefu za Juni na Desemba zinampa nafasi ya kulisimamia kwa macho yake. Faida hiyo ya umbali inapuuzwa mno.

Dawa ya msingi, hata hivyo, ni mshahara, na mshahara hupatanwa kabla ya kuvuka. Mwalimu aliyekwisha kuhamisha vyombo hana nguvu ya kujadiliana. TSC, Wizara ya Leba ya Kenya na serikali za kaunti hizi mbili zinaweza kufanya jambo moja la manufaa bila kungoja mkutano wa marais: zitoe mkataba wa mfano kwa walimu wanaokwenda Tanzania, unaotaja kiwango cha mshahara, nani analipia kibali, na nani anamrudisha mwalimu nyumbani kibali kikikataliwa. Vyuo vya Rongo na Tom Mboya viusambaze kwa wahitimu kabla ya siku ya mahafali.

Na wewe mwalimu unayefunga begi wiki hii: usivuke Isebania kwa ahadi ya simu. Dai mkataba ulioandikwa, nakala ya kibali cha kazi chenye jina la shule utakayofundisha, na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Shule inayoshindwa kukupa hivyo vitatu haitaweza kukutetea siku ya ukaguzi.